Mstari Mmoja Ulioizima Kamera Msibani Chome

Hii naisimulia kwa aibu, maana mpaka leo nikipanda mlimani Chome natamani kuwe na njia isiyopita nyumbani kwa akina Nakijwa.

Nakijwa alifiwa na mama yake. Kaka yake, Eliamani, yuko Kanada na hakupata ruhusa ya kuja, akaniomba mimi (natengeneza kompyuta pale Same mjini) nimrushie mazishi moja kwa moja, amwone mama akishushwa kaburini. Nikakubali kifua mbele.

Sasa laptop yangu inatumia Linux, na huko nyuma, kwa kuogopa kuchunguliwa mtandaoni, niliandika kwenye faili moja la mipangilio mstari wa kuizuia moduli ya kamera (kile kiprogramu kinachoiwezesha mashine kuiona kamera) isijipakie yenyewe mashine ikiwaka. Siku moja kabla ya mazishi niliipakia mwenyewe kwa amri, Eliamani akatuona vizuri, nikasema ule mstari nitaufuta baadaye. Kesho yake, watu wameshajaa uani, nikaona mashine inasuasua kidogo, nikaizima nikaiwasha upya ili iwe nyepesi.

Ikawaka bila kamera. Badala ya kukumbuka nilichoandika, nikalaumu waya wa kamera ya kuchomeka, nikachomoa, nikachomeka, nikaomba mwingine, jasho linanitoka na baridi yote ile ya mlimani, mchungaji akasubiri mpaka akachoka akaanza ibada. Nakijwa akanijia taratibu akasema basi ampigie kaka yake kwa simu yake. Nikamjibu, tena mbele ya wazee, "Acha, dada, picha ya simu haimfai mama." (Sijui nilimwuliza nani kama haimfai.) Akarudi kukaa.

Nilipokuja kufungua lile faili nikauona mstari wangu mwenyewe. Nikaandika amri moja tu, kamera ikaamka. Alichokikuta Eliamani ni watu wanaweka maua juu ya udongo, na sauti yake ikatoka kwenye spika:

"Nakijwa, mama yuko wapi?"

Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mzee mmoja nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anaangalia kaburi.

Tangu siku hiyo mashine inayofanya kazi siiwashi upya mbele ya watu, na mtu akisema tutumie simu, tunatumia simu. Eliamani aliniandikia jioni ile, akanishukuru kwa kujitahidi. Sijaweza kumjibu.