Ua Linalochanua Ofisi Ikifungwa

Juzi asubuhi niliwahi ofisi moja ya serikali, Mwanga ya huku magharibi, kufuata muhuri. Mlinzi wa usiku alikuwa akikabidhi funguo kwa dada wa kaunta, mgeni wetu kutoka Lushoto.

Dada hakuuliza habari za ulinzi. Aligusa kwa ncha ya kidole ua lililosinyaa kwenye kopo la rangi, kivulini mwa dirisha.

"Shikamoo mzee. Lilichanua?"

"Marahaba. Jua lilipozama tu. Jeupe, refu kama tarumbeta."

Dada akanieleza mimi niliyekodoa macho: mbegu alipewa na mama yake, akaziloweka, akangoja mwezi mzima ziote. Alikopanga hawezi kuliweka, kwani ni sumu na mwenye nyumba ana wajukuu. Na hapa ofisini, jioni habaki mtu ila mlinzi.

"Na harufu, mzee?"

Mzee, ambaye tangu azaliwe hajavuka Tabora, sembuse kufika Lushoto, alifumba macho kidogo. "Kama ya kwa mama yako kabisa."

Dada akainama kutafuta muhuri. Aliutafuta muda mrefu, nao ulikuwa mbele yake. Kwa kawaida, nikicheleweshwa kaunta huwa nakohoa. Juzi sikukohoa.