Beringi Iliyonyweshwa Rubisi

Mama yangu, kule Murusagamba, hawashi mashine yake ya kusaga muhogo msimu mpya mpaka aimwagie rubisi. Kata ya kwanza ya pombe ya ndizi ni ya mashine. Ndivyo bibi alivyolifanyia jembe, naye mama hataki kusikia lingine. Pombe ile ni chachu, inapenya hadi kwenye beringi, zinashika kutu, na msimu haujaisha shafti inalia kama mbuzi aliyesahauliwa juani.

Mimi, huko ugenini, kazi yangu ni aloi, yaani metali zilizochanganywa, zisizoshika kutu, za beringi za satelaiti. Watu hudhani chuma huharibikia angani. Kumbe huliwa hapahapa duniani, kikisubiri ghalani kando ya bahari siku ya kurushwa. Aloi yetu ya nikeli na titani ilifaulu maabara, lakini wakubwa wa kazini walisitasita kuipandisha kwenye chombo. Niliudhika mpaka usingizi ukanipaa.

Nikaomba beringi moja ya ziada, iliyolingana na shafti ya mashine ya mama, nikaenda nayo likizo.

"Shikamoo mama. Mwaka huu mwaga utakavyo."

"Marahaba. Hata ungenikataza ningemwaga."

Fundi alipokwisha kuifunga, mama akamimina kata nzima. Kisha akachota ya pili, akamimina polepole huku akinitazama.

"Na hiyo je?" nikauliza. Akakung'uta kata mpaka tone la mwisho. Nikajua ananikomoa tu.

Msimu ulipokwisha nilirudi. Fundi alikuja kutoka Bugarama na beringi mpya mfukoni, maana alikuwa na hakika ataihitaji. Kina mama wenye magunia yao walisimama kutazama. Akafungua, akapangusa ile ya zamani kwa tambara, akaiinua juani. Ilikuwa inang'aa vilevile. Nilipiga kelele kana kwamba nimefunga goli, nikamkumbatia fundi na grisi zake, kina mama wakapiga vigelegele bila kujua sababu.

Wakubwa nao, baada ya majaribio yao ya maji ya chumvi, hatimaye walikubali. Satelaiti ikapanda. Mabawa yake ya kunasa jua yalitegemea beringi zetu. Yangekwama, chombo kizima kingekuwa takataka. Yakafunguka yote, laini kabisa! Nikalia mbele ya wenzangu, wala sikuona haya.

Nikampigia mama simu.

"Nilijua," akasema. "Ile kata ya pili ilikuwa ya hizo zinazokwenda juu."