Bili ya Umeme Ilikuwa ya Oleta

Mke wangu Oleta hakuwa mtu wa kujulikana. Alizaliwa kwenye kilima hiki hiki, mashariki ya jimbo la Oklahoma, Marekani, akaolewa na mimi, akafa mwezi wa pili mwaka huu. Katikati ya hapo alifanya kazi.

Mimi niliacha shule mapema nikaenda kuchuma pamba. Kusoma nasoma, polepole, kwa kidole. Nilipokuwa mtu mzima nikafuata watu wa kulaza mabomba ya gesi, narudi nyumbani baada ya miezi. Kwa hiyo karatasi zote zilikuwa kwa jina la Oleta. Ardhi yake, aliyoachiwa na baba yake. Simu yake. Tulipojenga nyumba, yeye ndiye aliyekwenda kwenye ushirika wa umeme kujiandikisha uanachama. Hapa kwetu hilo si ajabu. Waulize wazee wa hapa bili ya umeme inakuja lini, watakuonyesha wake zao.

Mjukuu wetu Kenzie alilelewa naye. Binti yetu Misty anaendesha malori ya masafa, makao yake Amarillo, Texas. Alituachia mtoto akiwa mdogo, na mtoto ana kifafa. Basi la shule halipandi huku kwetu, linaishia kwenye lami, na kutoka hapo ni mwendo mrefu kufika shuleni. Oleta akasema hatamtuma mtoto akaangukie ndani ya basi lenye dereva peke yake. Jimbo letu linaruhusu kufundisha nyumbani na haliulizi mengi. Meza ya jikoni ikawa darasa.

Alikuwa mkali.

"Umekosea, mama. Rudia."

"Bibi, ni namba moja tu."

"Na daraja likikosa nguzo moja tu, utapita?"

Mimi nilikuwa nachukua kahawa yangu natoka nje. Niliwasikia kupitia dirishani. Sehemu za unga, sehemu za maziwa, mikate ya mahindi ikiokwa kwa hesabu.

Baada ya mazishi Misty alikaa siku chache, akarudi kwenye lori lake. Kisha akapiga simu.

"Baba, Kenzie anafundishwa na nani?"

"Tutaona."

"Tutaona nini? Wewe unajua kugawanya sehemu?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Sikutukani, baba. Lakini mtoto hawezi kukaa bila shule. Shule zikifunguliwa Agosti akiwa ana pa kusoma, akae na wewe. Akiwa hana, nakuja kumchukua."

Alikuwa na haki. Ndiyo maana iliuma.

Kenzie mwenyewe ndiye aliyetafuta. Kuna shule ya serikali isiyo na jengo. Watoto wanasoma majumbani kwa kompyuta, walimu wako huko waliko, wazazi hawalipi ada, na kompyuta inaletwa na shule. Akanisomea masharti mezani, mimi nikimenya viazi.

"Cheti cha kuzaliwa."

"Kipo."

"Chanjo."

"Zipo."

"Barua ya mama kwamba nakaa chini ya malezi yako, yenye muhuri."

"Ataileta."

"Na bili ya karibuni ya umeme au maji kuonyesha unapokaa."

"Maji yetu ni ya kisima. Tuma ya umeme."

Barua ya Misty ilipofika, tukatuma zote. Hatukuiangalia hata mara mbili. Siku iliyofuata akapiga simu mwanamke wa shule, Bi Pruitt.

"Mzee Orval, karatasi zote nzuri isipokuwa bili. Ina jina la Oleta."

"Ni mke wangu."

"Sawa. Basi yeye atuandikie kwamba wewe na mtoto mnakaa kwake. Masharti yanaruhusu."

"Hawezi."

"Yuko safarini?"

"Yuko makaburini, mama."

Kisha akasema, "Pole sana, mzee wangu." Aliisema vizuri. Halafu akasema, "Na kuna jambo la pili. Bili inaonyesha sanduku la posta. Sisi tunataka nyumba. Mtu hakai ndani ya sanduku."

"Huku kila mtu ana sanduku."

"Najua. Na kila mtu wa huko ananitumia bili hiyo hiyo."

Akanieleza. Nafasi za darasa la nane zina mwisho, na karatasi zina tarehe. Zisipotimia, jina la mtoto linatolewa, na kuingia tena ni Januari. Januari Kenzie angekuwa Amarillo.

Nikaenda mjini kwenye ushirika wa umeme. Dirishani alikuwepo Nelda, aliyesoma na Misty.

"Hilo dogo, mzee," akasema. "Nakupa barua leo hii. Jina lako, na namba ya nyumba, ile mliyopewa na kaunti kwa ajili ya ambulansi. Ila uanachama wa Oleta lazima niufunge kwanza. Nikuandikishe wewe upya."

"Hakuna njia ya kuniongeza mimi chini yake?"

"Angekuwa hai, ningekuongeza."

Niseme kitu hapa. Ushirika wetu una mkutano wa mwaka, mwezi wa nne. Wanachama wanakula nyama iliyopikwa kwa moshi na maharage, wanapiga kura, kisha mwenyekiti anachomoa majina kwenye pipa, na anayeitwa anapata zawadi. Oleta alishinda mara kadhaa miaka ya nyuma. Ukiitwa na hupo, wanachomoa jina jingine. Mwaka huu nilikwenda peke yangu kwa sababu ya mazoea. Mwenyekiti akachomoa, akasoma, "Oleta Tackett." Zawadi ilikuwa feni. Watu waliniangalia, wakaangalia sahani zao. Akaita tena. Nikaendelea kula. Akachomoa jina jingine.

Sikuona vibaya. Nilifurahi kulisikia likiitwa kwa sauti kubwa, kama la mtu ambaye huenda yuko nje anaegesha gari.

Uanachama ukifungwa, jina linatoka kwenye pipa. Kwa hiyo nilimwambia Nelda, "Nitarudi."

"Ofisi haihami, mzee."

Nikapitia duka la chakula cha mifugo. Delmar Stiles alikuwa amekalia gunia kama kawaida. Ni jirani yangu, upande wa pili wa kijito. Nikamweleza.

"Unajisumbua bure," akasema. "Bili yangu ina jina langu na namba ya nyumba, maana upande wangu posta inafika. Naandika kwamba mnakaa kwangu. Kwisha."

"Hatukai kwako."

"Nani atakuja kuangalia? Kila mwaka watoto wa mpira wanahamia kwa shangazi zao ili wachezee timu nzuri, na hakuna anayebeba hata mto wa kulalia."

"Huo ni mpira."

"Na hii ni shule, bora zaidi. Ila ukikaa kwangu utaosha vyombo."

"Kwako vyombo havijaoshwa tangu mkeo aende kwa dada yake."

"Ndiyo maana nakualika."

Akaandika pale pale kaunta, nyuma ya karatasi ya mbegu, akanipa, akasema nyumbani ataandika nyingine vizuri na kuipeleka ikapigwe muhuri. Mimi nikaona njia. Oleta angebaki alipo, na Kenzie angebaki alipo.

Nikampa Kenzie aisome. Aliisoma hadi mwisho.

"Babu, hapa nalala kwa Delmar."

"Ni karatasi tu."

"Kuna fomu nyingine ya shule nimejaza. Ya ugonjwa. Nikianguka darasani, mwalimu akaniona kwenye kamera, na wewe uko zizini, anapiga simu ya ambulansi." Akanigeuzia karatasi. "Atawaambia waende wapi?"

Kijito kikijaa, kwa Delmar hadi kwetu ni kuzunguka hadi daraja la lami.

Nikaikunja ile karatasi nikaitia mfukoni. Asubuhi nikampitia Delmar nikamwambia aache. Alicheka kidogo, kisha nilipomwambia sababu, akaacha kucheka. "Sikuliwaza hilo," akasema. "Hata mimi," nikamwambia.

Nikachukua cheti cha kifo kutoka kwenye droo ya Oleta, alimokuwa akiweka vyeti vya watu wote isipokuwa hicho. Nikarudi kwa Nelda. Akakisoma, akanirudishia. Akaweka vidole kwenye kibodi.

"Uko tayari, mzee?"

"Hapana. Funga tu."

Akafunga. Haikuchukua muda. Mashine ikatoa barua, bado ina moto, yenye jina langu na namba ya nyumba yetu. Akaigonga muhuri, ingawa nadhani haikuhitaji.

Bi Pruitt alipiga simu kabla ya tarehe yao kufika. Karatasi zimetimia, akasema. Yalibaki maswali ya kumpangia mtoto masomo.

"Alikuwa shule gani kabla?"

"Nyumbani."

"Mwalimu wake alikuwa nani?"

"Oleta."

"Jina lake lote, tafadhali. Naliandika kwenye kumbukumbu za mtoto."

Nikamtajia herufi moja moja. Hilo najua kuliandika. Nikamsikia akibonyeza, na mimi nikawa napunguza mwendo.

"Na mtu mzima atakayekaa naye saa za masomo?"

Swali hilo nilikuwa nalingoja na nikiliogopa. "Ni mimi. Lakini mama, mimi sikusoma."

"Sikukuuliza ulisoma nini, mzee. Nakuuliza utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

Kenzie alifanya mtihani wao wa kumpima. Hesabu alikuwa mbele ya darasa lake. Historia alikuwa nyuma. Oleta hakuwa na subira na marais. Nikampigia Misty. Alikuwa kwenye kituo cha malori, injini zinanguruma.

"Basi akae," akasema. Kisha akasema, "Ukichoka, baba, utaniambia?"

"Nitakuambia."

Shule ilianza siku ya Alhamisi. Kenzie alichana nywele na kukaa kwenye meza ya jikoni, kwenye kiti chake, si kile cha bibi yake. Kwenye kioo cha kompyuta wakatokea watoto wengi, kila mmoja kwenye kijumba chake. Mwalimu akaita majina. Mimi nilikuwa nimechukua kahawa yangu na kufika mlangoni, kama siku zote, mkono uko kwenye kitasa.

Nikarudi. Nikavuta kile kiti kingine nikakaa, na kwa kuwa sikujua mikono yangu niiweke wapi, nikaanza kupukuchua kunde kwenye bakuli.

"Babu," Kenzie akanong'ona, "bakuli linapiga kelele."

Nikaliweka mapajani.