Tone la Farasi na Pilau ya Harusi Isiyofungwa

Hadi leo nikipita Kikwajuni wapo wazee barazani wanaoniuliza, "Sele, pilau ya pili lini?", nami nacheka nao, maana aibu ikishakaa miaka mingi huwa kama jamaa wa mbali, humpendi lakini akibisha hodi utamkaribisha. Basi bora nisimulie mwenyewe, kwa sababu huko mitaani kisa kimeshaota mikia (wapo wanaosema niliota manyoya mbele ya sheikh, na hilo nakanusha, sikuota).

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimerudi masomoni na nafanya utafiti wa damu katika chumba cha chini cha jengo kuukuu la Mji Mkongwe, kuta zinabanduka chokaa kwa chumvi ya bahari, na ndani tuna hadubini moja, friji moja linalokoroma kama mzee aliyeshiba, na sungura. Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu Juma, ambaye kila jambo lazima alitolee mfano.

Niwaelezeni kidogo kazi yenyewe, msiogope, si ngumu. Mgeni akiingia mwilini, awe kijidudu au hata damu ya mnyama mwengine, mwili humtambua, kisha hutengeneza vitu vidogo mno viitwavyo kingamwili, kila kimoja kimechongwa kwa kipimo cha mgeni yule tu, kama ufunguo na kitasa chake. Lakini seli zinazovitengeneza hungoja ruhusa. Ruhusa hutoka kwa jamaa zao, seli nyeupe za ukoo mwengine, zilizosomeshwa katika tezi ndogo iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Wanaitoaje hiyo ruhusa? Hilo ndilo tulilokuwa tunalitafuta. Tulizikuza seli hizo za sungura chupani, tukazichuja zote, tukabaki na maji matupu, na maji yale tulipowatilia wenzao waliokaa kimya, wakaamka wakaanza kazi. Maji hayana seli hata moja, lakini yana habari ndani yake. Siku tulipoliona hilo mara ya kwanza, Juma alisema kwa sauti ya chini, "Sele, hii ni salamu iliyofika bila ya mjumbe." Na mimi nilikuwa kama mtu aliyefungua mlango wa stoo akakuta ndani kuna mji mzima.

Vizimba vya sungura wetu alivitengeneza Mzee Makame, fundi seremala wa Ng'ambo, mzaliwa wa Uroa, mtu wa maneno machache na macho ya kupimia. Nilikuwa namfuata karakanani kwake kwa habari ya bawaba na misumari mpaka Juma akaniuliza vizimba gani hivi visivyokwisha, na ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshamuona binti yake, Rukia, mwalimu wa skuli. Nilipopeleka posa, Mzee hakuuliza nyumba wala ukoo. Aliuliza jambo moja.

"Hayo mnayowatia sungura, hayatokufuata nyumbani?"

"Sileti kitu nyumbani, Mzee. Yote yanabaki kazini."

"Umesema wewe," akanijibu, na neno hilo kwa fundi seremala ni sawa na msumari.

Sasa sikilizeni nilivyojiharibia. Jumatatu ya wiki ya harusi, harusi yenyewe Ijumaa, nilikuwa nafundisha wanafunzi wa uuguzi, nawaeleza jinsi mwili unavyomkumbuka mgeni, na mmoja wao akanyoosha mkono akasema, "Mwalimu, sungura tumekubali. Lakini mtu je?" Swali zuri kama lile linaniuma kama njaa. Mezani palikuwa na kichupa cha seramu ya farasi, yaani yale maji ya manjano yanayobaki damu ikishaganda, ambayo enzi zile ndiyo ilikuwa dawa ya pepopunda. Nikakunja mkono wa shati.

"Harusi Ijumaa, we," Juma akaninong'oneza.

"Ni tone tu. Mwili ukikutana na mgeni kwa mara ya kwanza huchukua wiki na zaidi kuamka. Mpaka uamke mimi nshaoa, nshakula, nshasahau."

Nikajidunga. Hesabu ilikuwa sawasawa (na hapo ndipo ninapojicheka), ila neno moja tu, ile "mara ya kwanza", sikulihakikisha.

Alkhamisi mkono ukaanza kuwasha. Ijumaa asubuhi nikaamka na mabaka mekundu kifuani yaliyonyanyuka kama chapati inayopata moto, na kufika adhuhuri yameshapanda shingoni, magoti yamekaza, na midomo imeanza kunenepa. Hapo mwenye akili angemwendea mkwe akamwambia kweli. Mimi nikajipaka poda. Nikavaa kanzu, juu yake joho, nikateremsha kilemba mpaka kwenye nyusi, na Juma akanizunguka akinitazama kama anayekagua ukuta wenye ufa.

"Sele, uso wako unakua."

"Utapungua njiani."

Haukupungua. Msikitini, baada ya sala ya alasiri, nilikaa juu ya mkeka mbele ya sheikh kwa maumivu ambayo siyasemi, Mzee Makame akakaa mbele yangu, na kama mnavyojua, nikahi yetu hufungwa mkono kwa mkono, mkono wa baba ndani ya mkono wa bwana harusi. Joho linaficha kifua na kilemba kinaficha kipaji cha uso, lakini kiganja hakina pa kujificha. Mzee alinishika, akaanza, "Nakuozesha binti yangu...", kisha akanyamaza. Mtu aliyeishi kwa kupapasa mbao alikuwa ameshika kitu cha moto, kimevimba, kina vinundu. Akakigeuza. Akaninyanyulia kilemba kwa kidole kimoja.

"Una nini?"

"Hamna kitu, Mzee," nikasema, lakini kwa midomo ile hata mimi sikujiamini.

"Ulinambia huleti kitu."

Akauachia mkono wangu. Sheikh, Mungu amlipe, alisema taratibu kwamba nikahi haikimbizwi, tungoje. Nikataka kunyanyuka nitoke kwa heshima, magoti yakakataa, na watu wawili wakanibeba nikiwa nimekunjwa vilevile nilivyokaa, huku Mzee Makame, kwa mazoea ya kazi, akiwaelekeza mlangoni, "Mpitisheni ubavu, ubavu."

Kumbe balaa halijesha. Nyumba ya bibi harusi ilikuwa mtaa ule ule, na wanawake walipoona wanaume wanatoka msikitini walipiga vigelegele na kupakua. Mnakumbuka hali ya miaka ile, mchele ulikuwa wa foleni, na jamaa wa Rukia walikuwa wameuweka kidogo kidogo kwa miezi. Mpaka habari ifike jikoni, masinia yameshatua na watu wanaosha mikono. Nani ayanyanyue? Wakala pilau ya harusi isiyofungwa, na wengine, naambiwa, waliomba ukoko.

Mimi nilikalishwa barazani kwa kina Rukia, uso umefura kama mkate wa kumimina, na minong'ono inanizunguka, huyu anasema sumu, yule anasema husuda, mwengine anasema ukoma. Hapo akatoka mama yangu na buibui lake, akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga.

"Hii mbona ileile?" akasema. "Kwani umesahau, Selemani? Ulipokanyaga msumari, mdogo hivi, ukadungwa sindano ya farasi, siku zikapita ukavimba uso namna hii hii. Mimi ndo nlomuuliza daktari kama farasi ni halali, akacheka mpaka akakaa."

Barazani walicheka pia, na nilistahiki. Lakini mimi, wallahi, nilisahau hata kuona haya. Nilikuwa sikumbuki msumari, sikumbuki sindano, hata sura ya daktari siikumbuki. Nilikuwa mtoto. Na humu ndani, miaka yote ile, nimelala, nimesoma, nimevuka bahari na kurudi, kulikuwa na seli zilizomshika farasi yule akilini, zinangoja arudi. Tone moja lilitosha. Zikaamshana, zikapelekeana ile salamu yetu isiyo na mjumbe, na jeshi zima likatoka bila ya kuniuliza kama nna harusi.

Mzee Makame hakucheka. "Nikahi leo siifungi," aliniambia. "Leo farasi, kesho sijui nini. Binti yangu si kizimba cha sungura."

Siku zilizofuata nilikaa kitandani nikivimbuka na kuhuzunika. Niliandaa hotuba ndefu ya kumweleza Mzee, na ningeitoa, lau si Rukia kuniletea maneno kupitia somo yake, mtunza siri zake: "Mwambieni asimwambie baba. Amwonyeshe."

Nilipopona nilimwita Mzee, akaja kazini kwetu, kofia mkononi, akavitazama kwanza vizimba vyake kama vimekaa imara. Juma alinitoa damu, tukaiacha igande, tukachukua seramu yangu tukaitia katika kijibomba chembamba cha kioo, juu yake tukateremsha seramu ya farasi iliyozimuliwa, polepole, zisichanganyike. Tukangoja. Pale maji mawili yalipokutana pakaanza kuonekana ukungu, kisha duara nyeupe, nyembamba kama uzi wa sindano.

"Pale ndipo kingamwili zangu zilipomkamata farasi," nikamwambia.

Akataka ijaribiwe damu ya Juma, haikutoa kitu. Akakunja mkono wa kanzu akataka yake, nayo ikabaki safi kama maji ya mvua. "Mimi sina?" akauliza, na nadhani ilimuuma kidogo.

"Wewe hujakutana naye, Mzee. Mwili hausemi uongo."

Akakichukua kile kijibomba changu, akakipeleka dirishani, akafumba jicho moja kama anayetazama ubao umenyooka au umepinda.

"Subhanallah," akasema. "Na nani anazikumbusha?"

"Ndiyo kazi yetu, Mzee. Tunaijua kidogo sana."

"Wewe ulipaka poda," akasema bila ya kugeuka, "na mwili wako ukasema kweli. Basi binti yangu nitamuozesha huo mwili, wewe ufuate nyuma." Akarudi, akaushika mkono wangu, akaubonyeza kiganja, akaugeuza huku na huku. "Ushakauka. Ijumaa."

Ijumaa hiyo tulioana kwa kahawa na kashata, maana mchele ulikuwa umeshaliwa, na ndiyo sababu ya lile swali la barazani ambalo nitaulizwa mpaka kaburini. Kwa hivyo, wanangu wa maabara, mwanafunzi akikuulizeni swali zuri, chukueni chaki, msikunje mkono wa shati. Mimi tangu siku ile sindano haiingii mkononi mwangu, hata ya homa, mpaka nimtume mtu kwanza kwa mama, akamuulize mwili huu umeshakutana na nani.