Kiberenge cha Baba Pale Firq

Wenzangu mliokulia Nizwa zama zetu zile, jenereta likizimika ndiyo siku imekwisha, najua nusu yenu mtasema naongopa. Lakini mimi utotoni nilipanda gari la reli. Si Tabora, si Dodoma. Hapa hapa Oman, pale Firq, nje kidogo ya Nizwa, kwenye magereji mnakopeleka magari yenu leo mkaambiwa kila kitu kimekufa. Watoto wa siku hizi nikiwahadithia, kwanza wanaiuliza simu kama mama yao ana akili timamu. Simu ikisema Oman haina reli, basi nimekwisha kuwa muongo.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa inspekta wa njia ya reli Tabora. Kazi yake ilikuwa kupanda kiberenge, kile kigari kidogo cha injini kinachokwenda juu ya reli, akikagua mataruma na misumari yake stesheni hadi stesheni. Basi tulipo"rudi" Oman, nchi ya babu zetu, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupaona, akabeba vyeti vyake kwenda kutafuta kazi. Karani akavisoma vyote, akavipanga vizuri, akauliza, "Reli?" Baba akaitika. Karani akatazama dirishani, akaona jabali na mbuzi watatu, akamrudishia karatasi zake kwa adabu zote. Nchi ilikuwa inajengwa, inahitaji wataalamu wa kila namna isipokuwa baba yangu. Watu wa Unguja walioshuka na taipureta walikuwa wakubwa wa ofisi kabla hawajafungua masanduku. Baba akapata kazi ya kufungua geti.

Geti lenyewe lilikuwa la kampuni iliyokuwa ikifyatua mabomba ya zege pale Firq. Ndani kulikuwa na njia ya reli, yapata kilomita moja, ya kupelekea mabomba uwanjani, na juu yake kiberenge kikuukuu kilichonunuliwa pamoja na reli hizo, kama kitanda na godoro lake. Kilikuwa kimekufa zamani. Vibarua walikikalia wakila wali. Mama anasema Baba alipokiona alirudi nyumbani na uso ambao yeye hakuuona tangu siku ya harusi, "na hapo harusini penyewe hakufurahi hivyo."

Mudir, yaani meneja wa kampuni, alikuwa mtu wa Unguja, mpole, mwenye kucheka na kila mtu na kumsikiliza mtu kwa nadra. Baba alimfuata mara tatu. Mara ya tatu mudir akamwambia kwamba mwenye kampuni atakuja mwisho wa baridi, na akikuta kiberenge kinakwenda, akapandishwa kutazama kazi yake yote, basi Baba atakuwa mkuu wa karakana na atapewa nyumba ya kampuni. Asipoweza, abaki na geti lake. Kwetu maana yake ilikuwa hiyo tu: tulikuwa watu sita katika chumba kimoja cha kupanga, na mjomba wetu wa Ibra alikuwa amekwisha kusema Mama na watoto wahamie kwake, Baba abaki peke yake Nizwa. Nyumba ya kampuni ingetuweka pamoja.

Baridi ile yote nikawa fundi. Nilikuwa binti wa miaka kumi, msichana pekee Nizwa aliyejua kabureta ni nini, sifa ambayo haikunisaidia kupata mchumba. Kila siku baada ya alasiri nilimfuata Baba. Niliziosha plagi kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, mpaka hina ya vidoleni ikanuka petroli. Baba alichonga breki kwa mti wa mkunazi, akakata mkanda wa injini kutoka kwenye tairi la lori. Kisha tulitembea juu ya njia, yeye na nyundo, mimi na ufagio wa kuondoa mchanga. Alikuwa akigonga reli na kuinamisha sikio. "Nzima hulia," akiniambia, "mbovu hukohoa." Ninyi mlipokuwa mkicheza rede na kombolela saa zile, mimi nilikuwa nikisikiliza vikohozi vya chuma.

Siku kilipowaka nililia. Kililipuka mara mbili, kikatoa moshi mweusi uliowakimbiza mbuzi wote, kikaanza ta-ta-ta-ta, na Baba akanivuta juu. Tulikwenda mwendo wa punda aliyeshiba. Upepo wa baridi ulinipiga usoni na nikaona hakuna binadamu aliyewahi kukimbia kama sisi. Tulipofika mwisho, hapakuwa na pa kugeuzia, tukarudi kinyumenyume. Huko ndiko kusafiri. Leo mtu anaruka saa saba angani amefumba macho, akishuka analalamikia chai.

Lakini nisisahau tokeni. Reli ya njia moja ina sharti lake: dereva haingii mpaka awe na tokeni ya njia ile mkononi, pete kubwa ya chuma yenye kibao cha shaba. Tokeni ni moja tu, kwa hiyo hawawezi kuingia wawili wakakutana katikati. Baba aliibeba moja kutoka Tabora, ya njia iliyokwisha kufungwa, na kwa sababu yake Mama akaacha sufuria mbili nzuri. Na pale Firq, kwenye njia ya kilomita moja isiyotoka popote wala kufika popote, Baba hakuwasha injini hata mara moja bila ya tokeni begani. Jioni aliirudisha nyumbani akaitundika msumarini, ili mtu mwingine asikiguse kiberenge yeye hayupo.

"Baba Zuwena," Mama alikuwa akimwambia, "kiberenge kimoja, njia moja, nchi nzima. Utagongana na nani? Na majini?"

"Sharti halihesabu magari," Baba alijibu, akaendelea kuipangusa.

Sasa skuli. Wasichana wenzangu walikuwa wakiniita Zinjibariya, mimi mtu wa Tabora nisiyejua Unguja hata kwa ndoto, nikalizoea. Kilichonishinda ni siku waliposema baba yangu ni wa kufungua geti. Nikasema baba yangu ni mkuu wa reli. Darasa zima likacheka, na mwalimu wetu naye akacheka. Basi Jumatatu moja asubuhi nikaitoa tokeni msumarini nikaitia mkobani, chini ya daftari. Sikuona kosa. Baba aliihitaji baada ya alasiri tu, na mwenye kampuni alitarajiwa Jumanne. Mwalimu wetu, aliyetoka Misri, kwenye treni tangu babu zake hawajazaliwa, aliigeuza akauliza kama ni kitasa cha mlango. Lakini wasichana waliipokezana mkono kwa mkono, na mmoja aliyekuwa hodari wa kunitania akaivaa begani akaniuliza kwa upole kabisa kama baba yangu angekubali kumpandisha. Nilivimba kichwa asubuhi nzima.

Mwenye kampuni alikuja Jumatatu hiyo hiyo, saa nne ya asubuhi. Wakubwa hawana Jumanne.

Yaliyotokea nayajua kwa Mama, kwani mudir alipeleka gari kumchukua yeye na vitumbua vyake vya kumkirimu mgeni. Alituhadithia miaka mingi, kila mara kwa hasira mpya. Mgeni amekwisha kukaa juu ya kiberenge, kanzu yake nyeupe, kitambaa kimetandikwa chini yake. Mudir anacheka na kila mtu. Baba amesimama chini.

"Yalla, ya Hamed, washa!"

"Samahani, mudir. Sina tokeni."

"Tokeni gani tena? Ruhusa nakupa mimi."

"Huwezi kunipa, mudir. Hunayo."

Mudir akacheka, ila safari hii peke yake. Akamwuliza iko wapi, nyumbani? Gari hili hapa, dereva akaichukue, dakika kumi tu. Mama akaruka: "Ipo msumarini, naijua, nakwenda mwenyewe!" Na Baba, mbele ya watu wote, akasema, "Usende. Nimeipoteza."

Mgeni akatazama saa yake. Akashuka, akala kitumbua kimoja, akasifu, akaondoka.

Nilirudi adhuhuri mbio, nikaitundika tokeni kabla hajafika mtu. Mama akaingia, akaikuta inaning'inia mahali pake. Baba alipofika nyuma yake, Mama akamwonyesha kwa kidole. Baba akaitazama, akanitazama na mimi, akasema, "Alhamdulillahi. Kumbe ilikuwa hapa hapa." Nami nikanyamaza. Nilikuwa na miaka kumi na mdomo wangu wote, nikanyamaza.

Kabla ya joto reli ziling'olewa, kiberenge kikauzwa chuma chakavu. Sisi tukahamia Ibra kwa mjomba, na Baba akabaki na geti lake. Kwa miaka minne tulimwona Alhamisi jioni akishuka kwenye lori la watu na mfuko wa halwa, na Ijumaa baada ya sala tukimsindikiza barabarani. Mama alimwita kipofu mpaka alipozeeka. "Kitu ki msumarini, mtu anasema kimepotea!" Jamaa wakija kututembelea ndicho kilikuwa kichekesho chao baada ya kahawa, na Baba alicheka nao. Mimi nilikuwa nikipeleka vikombe jikoni.

Nilimwambia nikiwa mtu mzima na watoto wangu watatu, yeye kitandani Ibra, macho yamekwisha kufifia. Nilianza kulia kabla sijafika mwisho. Akaniacha nimalize.

"Nilikuona asubuhi ile ukiitia mkobani," akasema.

"Mbona hukunizuia, Baba?"

"Toka tuje nchi hii hakuna mtu aliyetaka kuiona kazi yangu. Wewe ulikuwa unakwenda kuwaonyesha watu. Nikuzuie?"

"Na mudir alipokuuliza?"

"Ningesema iko skuli, wangekufuata mpaka darasani, wakutoe nayo mbele ya wenzako." Akavuta shuka lake. "Mama yako usimwambie. Ameshazoea."

Basi wenzangu, leo mambo yote yamekwisha kuwa mepesi. Vijana wetu wanaendesha kutoka Nizwa mpaka Sur mkono mmoja kwenye usukani, wa pili kwenye simu, na ukiwatajia sharti lolote wanakuuliza nani anaangalia. Mimi mwenyewe nina ofisi yenye kiyoyozi, kiti kinachozunguka, na kadi ya kazi ya kuvaa shingoni, yenye picha yangu na cheo changu kwa lugha mbili. Nikirudi jioni naiweka mezani pale mlangoni, mbele ya macho ya watoto wote, asubuhi naikuta pale pale. Miaka ishirini sasa, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuniibia.