Mhakiki Aliyebaki na Neno Moja

Nyumba yetu ya mtaa wa Somanda ilinuka mafuta ya taa na karatasi kuukuu. Miguu ya kabati la vitabu la Baba ilisimama ndani ya vikopo vyenye mafuta hayo, kila mguu na kopo lake, ili mchwa wasipande. Mchwa wa kwetu hawana adabu. Walikuwa wameshakula fremu ya picha ya harusi ya wazazi wangu, wakaiacha picha ikining'inia kwenye msumari kama jani. Mgeni aliyeingia kwa mara ya kwanza alidhani tumemwaga kibatari, akatazama chini asije akakanyaga. Sisi tulishazoea. Hata shuleni wenzangu walisema madaftari yangu yananuka taa, nami sikuona aibu, maana harufu ile ilikuwa harufu ya Baba.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, lakini mjini Bariadi wengi walimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Kila Jumapili alasiri, baada ya ibada na chakula, alikizungushia kitabu kimoja kitambaa kwa ajili ya vumbi, akapanda baiskeli hadi kwenye kituo kidogo cha redio kilichokuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Huko alisalimia "Mwadila" kwa Kisukuma, kisha akakipima kitabu hicho mbele ya watu wote. Hakuchagua aina. Madereva wa mabasi walimletea vitabu vilivyosahauliwa na abiria, watawa walimwazima vya dini, wauza mbegu walimpa vya kilimo. Kuhusu riwaya moja ya upelelezi alisema mwandishi amemficha mwuaji vizuri mpaka yeye mwenyewe akamsahau. Kuhusu diwani ya mashairi alisema ina vina vyote, ila haina njaa. Kijana wa hadithi fulani ya mapenzi alimwona anapenda kama mtu asiyekuwa na mama. Kitabu cha ufugaji wa kuku alikisoma kwa makini kuliko vyote, akatoa hukumu kwamba aliyekiandika hajawahi kukimbiza kuku mvua ikinyesha. Kitabu cha mapishi alimpa Mama kwanza, tukala mchuzi wa ajabu wiki nzima, ndipo akaenda kukisema. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na wapo waliomkasirikia; lakini hata hao walifungua redio Jumapili iliyofuata.

Msimu ninaoukumbuka ulikuwa wa kuvuna pamba. Mimi nilikuwa darasa la tano. Jumapili hiyo mimi na Mama tulikuwa uani tukitenga pamba safi na fifi, ile iliyochafuka, redio ikiwa juu ya gunia. Baba alizungumzia riwaya ya ndugu wawili waliogombania ng'ombe wa marehemu baba yao. Aliisifu sana. Alisema mwandishi anajua namna ng'ombe anavyogoma kuliacha zizi alilozaliwa, na namna binadamu asivyogoma. Mama akacheka peke yake. Kisha Baba akasema, "Kitabu hiki kina kosa moja, na si dogo. Kosa lenyewe ni…" Hapo akanyamaza.

Alikuwa na tabia ya kunyamaza kidogo ili watu wasogee karibu, kwa hiyo tulisubiri. Mama akaigonga redio mgongoni akidhani ni betri. Tukasikia pumzi, tukasikia kiti kikiburuzwa, halafu ukawekwa wimbo. Mama aliendelea kuchambua pamba, lakini niliona anatia safi kwenye fifi na fifi kwenye safi. Wimbo uliisha, ukawekwa mwingine. Ndipo bodaboda ikasimama nje, na kijana aliyekuwa akiiendesha akavua kofia yake kabla ya kubisha hodi. Alisema Mwalimu ameanguka na yuko hospitali.

Ilikuwa presha, madaktari wakasema, na presha ilikuwa imeleta kiharusi. Baba alirudi nyumbani baada ya majuma kadhaa. Mkono wa kulia ulikuwa umelala, mdomo umevutwa upande, na maneno yote aliyokuwa nayo yamekwenda, isipokuwa moja. Lililobaki lilikuwa "basi." Akitaka maji alisema basi. Akisikia maumivu alisema basi. Asubuhi nilipomwamkia aliniitikia basi, kwa sauti yake ileile iliyokuwa ikitoka redioni, na macho yake yakashtuka kama mtu aliyetia mkono mfukoni kutoa ufunguo akatoa jiwe. Mwanzoni niliamini nitajifunza. Nilifikiri kuna basi ya uji na basi ya chai, basi ya ndiyo na basi ya hapana, kama wachungaji wanavyojua mlio wa kila ndama. Lakini kila nilipodhani nimeelewa nilimletea kitu, naye akakitazama kwa huzuni, akakipokea ili asinivunje moyo.

Watu walikuja kumwona, na wengi, baada ya kumpa pole, walishindwa kujizuia. Waliuliza lile kosa ni lipi. Mwenye duka la chini ya kituo aliuliza. Fundi cherehani, ambaye sikujua kama anasoma chochote, aliuliza. Hatimaye akaja Masanja, kijana aliyekuwa mtangazaji wa kipindi kile, akakaa kwenye kigoda akizungusha simu mikononi. Alieleza kwamba wasikilizaji wanapiga kila siku, na kwamba yeye mwenyewe hapati usingizi kwa sababu ndiye aliyekuwa upande wa pili wa meza. Alimwomba Mama ruhusa ya kuuliza. Mama alimjibu kwamba mgonjwa haulizwi uji, sembuse riwaya. Lakini alipokuwa akiondoka, Masanja aliniinamia mlangoni.

"Kabula, wewe unakaa naye. Muulize polepole, mwanangu. Hata kwa ishara."

Nikakisoma kitabu kile chote kwa sauti, mchana baada ya shule, Baba akiwa amelala kwenye mkeka. Mengine sikuyaelewa. Mwisho wa kila sura nilimwuliza: kosa liko hapa? Ni huyu mke wa ndugu mkubwa? Ni namna mzee alivyokufa? Alitikisa kichwa kukubali, kisha akatikisa kukataa, kisha akafumba macho. Nilipofika ukurasa wa mwisho nikamwuliza kama kosa ni huo mwisho. Baba alikivuta kitabu kwa mkono wa kushoto, akakifungua katikati, akaweka kidole juu ya mstari, akanitazama, akajikaza mpaka mishipa ya shingo ikatuna.

"Basi," akasema. "Basi, basi, basi."

Kidole kilikuwa juu ya maneno ya kawaida kabisa, watu wakisalimiana asubuhi. Nilisoma mstari ule mara nyingi, nikasoma wa juu na wa chini yake. Sikuona kitu. Machozi yalimtoka jicho moja tu, lile la upande uliokuwa bado unamtii, nami nikamfuta kwa ncha ya sketi yangu ya shule.

Shangazi Minza alifika kutoka Kimali akiwa na dawa kwenye kibuyu. Yeye hakuwa na swali lolote. Alisema huwezi kuisema vibaya kazi ya mtu mbele ya mji mzima usilipwe. Mama, aliyekuwa mtu wa kanisa tangu utoto, alipinga kwa siku chache, kisha siku moja akamwambia tu, "Mpake, wifi. Mimi sina lingine." Wakampaka. Juma hilohilo wanakwaya wa kanisani nao wakaja kumwombea, wakaimba wimbo ambao Baba aliupenda. Walipofika ubeti wa pili, Baba akaimba. Hakuimba basi. Aliimba maneno yenyewe, yote, mpaka mwisho wa ubeti, kwa sauti nzito isiyokosea. Wanawake wakapiga vigelegele, Mama akapiga magoti. Wimbo ulipokwisha mchungaji akamwambia, "Mwalimu, sasa sema jina la Bwana." Baba akafungua mdomo, na likatoka lilelile.

Hapo nyumba ikavunjika moyo. Shangazi alinong'ona kwamba aliyeimba si kaka yake, ni kitu kilichokaa ndani yake. Mama hakulikubali hilo, lakini aliona wimbo umemfanyia Baba dhihaka, na tangu hapo hatukuimba tena ndani ya nyumba ile. Redio ilifungiwa kabatini. Tuliongea chinichini, tukidhani tunamheshimu. Kipindi kilijazwa muziki. Baba aliishi mpaka nilipokuwa sekondari, akafa msimu wa kupalilia, bila kusema ni kosa gani.

Leo nafundisha Kiswahili mjini Bariadi, nami huzungumzia vitabu. Sihitaji kituo cha redio. Narekodi sauti kwenye simu na kuituma kwa kikundi cha wasomaji, na kabla chai haijapoa kuna mtu wa mbali kule Mkula amekwisha kunijibu. Vitabu navyo vinakuja kwa simu, vya upelelezi, vya mapenzi, vya ujasiriamali, na wako wanaovipa nyota tano bila kuvifungua. Ile riwaya ya ndugu wawili nimeirudia nikiwa mtu mzima, nikaona makosa kadhaa. Huenda la Baba ni mojawapo, huenda alikuwa ameona asiloliona mwingine.

Lakini hilo silo linalonikosesha raha. Mwaka jana nilimsindikiza jirani aliyempeleka mumewe mazoezini baada ya kiharusi. Mtaalamu, msichana mdogo kuliko wanafunzi wangu wa zamani, alikuwa akimwimbisha yule mzee. Nilimwuliza kwa nini. Alinieleza kwamba wapo wanaopoteza maneno lakini nyimbo zikabaki, na kwamba wengine, wakianza kwa kuimba, huweza kurudishwa kidogokidogo mpaka kwenye kusema. Si wote, akasema. Nilimwuliza kama mtu kama Baba angeweza. Alijibu kwamba hawezi kujua bila kumwona.

Jirani yangu siku hizi anaimba na mumewe asubuhi, nawasikia kupitia ukutani. Mzee ameshaweza kuomba chumvi. Nafurahi kwa ajili yao, kwa kweli nafurahi, kisha naondoka kwenda shuleni mapema kuliko inavyonilazimu.