Karani Aliyepoteza Valvu Kumi na Moja

Saa tatu asubuhi, Nenita Gumabao anaandika amri ya kompyuta daftarini kwa kalamu, anaipitia kwa kidole, kisha ndipo anaiandika kwenye skrini nyeusi. Hajabonyeza bado. Anawageukia wenzake.

"Nani yuko kwenye kitabu cha valvu? Ondoeni mikono kwenye kibodi, niione."

Wafanyakazi sita wa ofisi ya maji ya San Ireneo, mji mdogo kisiwani Panay, wanainua mikono juu ya kibodi zao. Hakuna anayecheka. Jumanne walicheka.

Nenita, mwenye miaka 47, ni karani wa kumbukumbu kwa mshahara wa peso 16,400 kwa mwezi. Oktoba iliyopita, mtaalamu pekee wa kompyuta alipoacha kazi, alikabidhiwa pia kitabu cha ofisi cha mtandaoni, ambacho kila mfanyakazi anaweza kukihariri, chenye orodha ya valvu 203 zilizofukiwa chini ya mitaa. Bomba likipasuka, kitabu hicho ndicho humwonyesha fundi pa kuchimba. Kinakaa katika kompyuta pepe, yaani kompyuta isiyo na sanduku lake, inayoishi ndani ya kompyuta kubwa ya makao makuu ya mkoa. Makao makuu yameagiza programu yake ipandishwe toleo kabla ya Ijumaa adhuhuri, la sivyo kitafungwa.

"Nilijua kuwasha na kuzima," anasema. "Kuzima kwenyewe nilikuwa nauliza."

Jumanne asubuhi alihifadhi picha, yaani nakala kamili, ya kompyuta nzima ilivyokuwa saa hiyo, ili akikosea airejeshe. Tahadhari hiyo ilikuwa sahihi. Programu mpya ilipogoma saa kumi jioni, aliirejesha picha, na kila kitu kikawa kama asubuhi. Ndilo lililokuwa tatizo. Saa tisa, wakati wa vitafunio, Delfin Sumagaysay, fundi bomba anayestaafu Ijumaa, alikuwa amemtajia mtunza fedha Glenda Pabalate, kutoka kichwani, valvu kumi na moja za mtaa wa sokoni, ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Glenda aliziingiza kitabuni. Picha ya asubuhi haikuzijua.

"Inday, nimefunga valvu miaka thelathini na minane, sijapoteza hata moja," Delfin alimwambia Nenita, akimwita kama dada mdogo. "Wewe umepoteza kumi na moja na hata hukulowa."

"Manong," alijibu Nenita, kwa jina la heshima la kaka mkubwa, "usinitanie. Zitaje tena, naandika."

"Kichwa kimechoka. Twende kwa miguu."

Jumatano walikwenda. Valvu mbili hazikuwa pale alipokuwa amemtajia Glenda. Moja ilikuwa ng'ambo ya barabara, chini ya meza ya muuza samaki. Delfin alichungulia chini ya meza.

"Usiandike kwamba nilikosea."

Nenita aliandika mahali ilipo, basi.

Leo, Alhamisi, picha mpya imehifadhiwa, hakuna anayeandika kitabuni, na hatua aliyoiruka Jumanne, iliyofanya programu igome, imo daftarini. Anabonyeza. Mistari inapanda kwa dakika nne. Kitabu kinafunguka katika toleo jipya, na valvu kumi na moja zimo.

"Manang, tushushe mikono sasa?" anauliza Glenda, akimwita kama dada mkubwa.

Nenita hashangilii. Zile 203 nazo ziliandikwa kwa kutajiwa tu, anasema, na hakuna aliyekwenda kuzitazama. Anakusudia kuzitembelea zote kabla ya mvua za Juni. Delfin ana tiketi ya meli ya Jumamosi kwenda kwa bintiye.

"Manong, tiketi inabadilishwa?"

"Inabadilishwa," anajibu fundi, akikagua soli ya kiatu chake. "Viatu hivi ndivyo havitafika Juni."